Hamira ya pombe ya mtama yatufundisha juu ya saratani



Mwezi huu tunaanza na swali la mama mmoja, mke wa mvuvi wa dagaa, kutoka katika kimojawapo cha visiwa vyetu. Mume wake alikuwa na uvimbe upande wa kushoto, chini ya mbavu, kwa zaidi ya mwaka mzima. Kisiwani kwao watu walisema ni bandama. Akatibiwa malaria, akameza dawa ya kichocho, akachanjwa chale tumboni, na bado uvimbe ukaendelea kukua. Alipofika hospitali akiwa amekonda na kutoka jasho usiku, damu yake ilipimwa. Chembe nyeupe zilikuwa zaidi ya 200,000 katika tone dogo ambalo kwa kawaida lina kati ya 4,000 na 11,000. Baba yule alikuwa na saratani ya damu.

Mama akauliza, "Sista, hizo chembe nyeupe zimetoka wapi? Nani kamwekea mume wangu?"

Ni swali zuri, na linastahili jibu kamili. Ajabu ni kwamba sehemu ya jibu hilo ilipatikana katika chungu cha pombe ya mtama ya Afrika Mashariki. Tufuatane polepole, hatua kwa hatua.

1. MWILI WETU HUTENGENEZWA UPYA KILA SIKU

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai ndogo sana ziitwazo seli. Seli moja hukua, hunakili vitu vyake vyote vya ndani, kisha hujigawa na kuwa mbili. Ndivyo mtoto anavyokua tumboni, na ndivyo kidonda kinavyopona. Ndani ya uboho wa mifupa yetu seli mpya nyekundu za damu hutengenezwa zaidi ya milioni 2 kila sekunde.

Basi ni lazima pawepo na utaratibu. Seli isigawanyike kabla haijawa tayari, wala isikatae kugawanyika inapohitajiwa. Maagizo ya utaratibu huo yameandikwa katika jeni, yaani vile viini vya urithi tunavyopokea kwa baba na mama. Saratani ni ugonjwa wa seli zilizoacha kufuata utaratibu huo. Kwa hiyo, ili kuielewa saratani, ilibidi wataalamu waulize kwanza: ni nani ndani ya seli anayetoa amri ya kugawanyika?

2. KUTOKA CHUNGU CHA POMBE HADI MAABARA

Kina mama wanaojua kupika pombe ya kienyeji wanaelewa kwamba mtama ulioloweshwa, ukaota na kuwa kimea, ukisagwa na kuchanganywa na uji, baada ya siku chache huchachuka na kutoa povu. Kinachofanya kazi hiyo ni hamira, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila hamira moja ni seli moja tu, inayokula sukari na kutoa kileo na hewa.

Miaka ya 1890 pombe ya mtama ya Afrika Mashariki ilifika Ujerumani na kuchunguzwa na wataalamu wa bia. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner alieleza hamira aliyoikuta ndani yake. Akaipa jina la kisayansi, Schizosaccharomyces pombe. Neno la mwisho ni Kiswahili chetu hiki hiki, pombe. Hadi leo, katika maabara za London, Marekani na Japani, maprofesa hutamka neno hilo kila siku, wengine wao bila kujua kwamba ni neno la mitaani kwetu.

Hamira hii ina umbo la kijiti. Kama mia hivi zikipangwa mstari mmoja, hufikia urefu wa milimita moja. Tofauti na hamira ya mkate, ambayo huchipua kitoto ubavuni, hii ya pombe hurefuka, kisha hukatika katikati na kuwa mbili zilizo sawa. Katika hali nzuri hufanya hivyo kwa saa chache tu. Tena ina kromosomu 3, wakati sisi tuna 46, na kwa kawaida hubeba nakala moja tu ya kila jeni. Maana yake, jeni moja ikiharibika, kasoro huonekana mara moja, kwa kuwa hakuna nakala ya pili ya kuificha. Kwa mtafiti, huyo ni mwanafunzi mwema asiyeficha kosa.

3. HAMIRA ZENYE KASORO

Miaka ya 1970, kijana mmoja Mwingereza aitwaye Paul Nurse alikwenda Edinburgh, Uskoti, kufanya utafiti wa hamira hii katika maabara ya Murdoch Mitchison. (Jina lake la ukoo, kwa Kiingereza, maana yake ni muuguzi. Sisi wenye kazi hiyo tunalifurahia.) Alitafuta hamira ambazo jeni zake zimebadilika, akaangalia zinavyokosea.

Ili tuelewe alichoona, tufikirie kivuko kinachokwenda Nansio, Ukerewe. Abiria na mizigo hupanda, kamba hufunguliwa, nahodha hupiga honi, kivuko huondoka. Sasa tuseme nahodha ni mgonjwa. Abiria wataendelea kupanda, kivuko kitajaa mpaka kufurika, lakini hakitaondoka. Tuseme badala yake aliyeshika kamba ni mzembe, anaiachia mapema. Kivuko kitaondoka nusu tupu.

Hamira zilikosea kwa namna hizo hizo mbili. Kuna zile ambazo katika joto la nyuzi 25 ziliishi vizuri, lakini joto lilipopandishwa hadi nyuzi 36, jeni yao yenye kasoro ilishindwa kazi. Zikaendelea kurefuka, kurefuka, bila kugawanyika. Na kuna nyingine zilizogawanyika mapema mno, zikawa fupi kuliko kawaida. Hizi aliziita wee, neno ambalo Waskoti hulitumia kwa kitu kidogo.

Jambo la maana ni hili. Jeni moja, iitwayo cdc2, ilionekana katika makundi yote mawili. Ikiharibika kwa namna moja, seli haigawanyiki. Ikibadilika kwa namna nyingine, seli hugawanyika kabla ya wakati. Kitu kinachoweza kuchelewesha na kuwahisha safari hakiwezi kuwa abiria. Huyo ndiye nahodha. Na jeni nyingine, iitwayo wee1, ndiyo ilikuwa mshika kamba, yaani breki ya yule nahodha.

4. KINASI NI NINI?

Jeni ni maandishi tu. Kinachofanya kazi ni protini inayotengenezwa kwa maandishi hayo. Ilikuja kujulikana kwamba protini ya cdc2 ni ya kundi liitwalo kinasi. Kazi ya kinasi ni moja: huchukua kipande kidogo cha fosfeti na kukibandika juu ya protini nyingine. Kipande hicho ni kama swichi ya taa. Kikibandikwa, protini iliyokuwa imelala huamka, au iliyokuwa macho hulala. Hata wee1 ni kinasi. Humbandika nahodha alama inayomwambia, "Subiri kwanza."

Miili yetu ina kinasi za aina zaidi ya 500. Ndizo zinazopeleka habari ndani ya seli: kula, kua, gawanyika, pumzika. Kinasi ikifanya kazi kwa wakati wake, ni baraka. Ikikwama mahali pa "gawanyika" usiku na mchana, ni hatari.

5. JENI YA BINADAMU NDANI YA HAMIRA

Kuijua kasoro hakukutosha. Wataalamu walitaka kuishika jeni yenyewe mkononi na kuinakili. Njia yao ilikuwa na akili nyepesi kama ya mama anayetafuta ufunguo wake katika shada zima: unajaribu mmoja mmoja mpaka mlango ufunguke.

Walichukua urithi wote wa hamira nzima, wakaukata vipande vingi, wakaviingiza katika hamira zenye cdc2 mbovu. Kisha wakapandisha joto. Karibu zote zilishindwa kugawanyika. Chache tu ziliendelea kuzaana. Kwa nini? Kwa sababu hizo zilipokea kipande chenye jeni nzima ya cdc2, kikawaponya. Wakakitoa kipande hicho. Hayo yalikamilika mwaka 1982.

Kisha wakauliza swali la ujasiri zaidi: je, sisi binadamu tunayo jeni hii? Mwaka 1987 Melanie Lee, akifanya kazi pamoja na Paul Nurse huko London, alirudia njia ile ile, lakini safari hii kwa vipande vya jeni za binadamu. Hamira iliyokuwa imeshindwa ikapona. Jeni ya mtu ilifanya kazi ndani ya hamira ya pombe kana kwamba imezaliwa humo! Hamira na binadamu wametengana kwa zaidi ya miaka bilioni moja, kwa makadirio ya wanasayansi, na bado nahodha ni yule yule.

Mwaka 2001 Paul Nurse alipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba pamoja na Leland Hartwell wa Marekani, aliyechunguza hamira ya mkate, na Mwingereza Tim Hunt. Mwaka 2002 urithi wote wa hamira ya pombe ulikuwa umesomwa: jeni karibu 5,000. Sisi tuna karibu 20,000.

6. SASA TUMRUDIE YULE BABA MVUVI

Saratani ya damu aliyokuwa nayo hutokana na kinasi nyingine, ndugu wa mbali wa nahodha wetu. Mwaka 1960, katika mji wa Philadelphia, Marekani, Peter Nowell na David Hungerford waligundua kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika damu ya wagonjwa wa aina hii. Mwaka 1973 Janet Rowley alionyesha sababu: kromosomu ya 9 na ya 22 zilikatika na kubadilishana vipande. Mahali zilipoungana vibaya, jeni mbili zisizohusiana zimeshikamana na kuwa moja. Protini yake ni kinasi ambayo haizimiki. Honi imekwama, kamba imekatika, kivuko kinaondoka mfululizo. Chembe nyeupe huzaliwa bila kikomo, hujaza uboho, hujaza damu, na nyingi hukusanyika katika bandama mpaka ivimbe.

Kwa hiyo, mama, jibu ni hili: hakuna aliyemwekea mumeo ugonjwa. Ni kosa la kunakili lililotokea katika seli moja ya uboho wake, naye akiwa mtu mzima. Hakulirithi kwa wazazi, hatawarithisha watoto, na wala hauambukizwi kwa kula sahani moja au kulala kitanda kimoja.

7. KWA NINI HAPA KWETU TUNACHELEWA?

Ugonjwa huu huanza polepole, pengine miaka kadhaa, kisha hubadilika na kuwa mkali. Dalili zake ni hizi:

– uchovu usioisha na kupungukiwa damu;
– kukonda, homa na jasho jingi usiku;
– uzito au uvimbe upande wa kushoto chini ya mbavu;
– kushiba upesi hata kwa chakula kidogo;
– baadaye, kutokwa damu au kuchubuka ovyo.

Mkaaji wa kando ya Ziwa atasema, "Hizo si dalili za malaria na kichocho?" Ni kweli. Malaria ya mara kwa mara hukuza bandama. Kichocho cha tumbo, ambacho kimeenea sana mwambao wa Ziwa Viktoria, huharibu ini na kuvimbisha bandama. Kwa hiyo wengi wenye bandama kubwa hapa kwetu wana mojawapo ya magonjwa hayo, na ni haki wapewe dawa zake. Lakini si wote! Hatari yetu ni kuzoea. Mtu akishatibiwa malaria na kichocho, na bandama haipungui, asirudie dawa zile zile mwaka mzima. Aombe kipimo cha kuhesabu chembe zote za damu, ambacho hospitalini hukiita FBP. Ni damu kidogo tu ya mshipani. Chembe nyeupe zikiwa nyingi kupita kiasi, daktari atamtuma kwa kipimo cha jeni ili kuthibitisha.

Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, mahali pa rufaa ni Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, yenye idara ya saratani.

8. KIDONGE KINACHOZIBA KINASI

Kwa kuwa kosa lilijulikana lipo mahali gani, iliwezekana kutengeneza dawa ya mahali hapo hapo. Kinasi ina kishimo ambamo huchukulia fosfeti. Dawa iitwayo imatinibu huingia katika kishimo hicho na kukiziba. Honi inanyamaza. Dawa hii, inayojulikana pia kwa jina la Glivec, iliruhusiwa Marekani mwezi Mei 2001, mwaka ule ule wa tuzo ya akina Nurse. Katika utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2017, kwa kila wagonjwa 100 walioanza nayo, karibu 83 walikuwa hai baada ya miaka 10. Sisi tuliosomea uuguzi zamani tulifundishwa kwamba wagonjwa hawa huishi miaka michache tu.

Bei yake ilikuwa kubwa mno kwa mtu wa kawaida. Mwaka 2002 ulianzishwa mpango wa kimataifa wa kuwapa wasiojiweza vidonge bila malipo, na hapa Tanzania wagonjwa wengi walivipata kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa hiyo mgonjwa asikate tamaa akisikia bei. Aulize kwanza hospitali njia za msaada zilizopo.

Yule baba alianza vidonge. Baada ya miezi michache uvimbe ulipungua, akarudi ziwani. Hapo ndipo kosa la pili lilipotokea. Kila giza la mwezi alikwenda kambi ya dagaa na kuacha vidonge nyumbani, akisema, "Mimi nimepona, vya nini tena?" Baada ya mwaka uvimbe ukarudi.

Wapendwa, dawa hii huizima kinasi mbovu, lakini jeni yake mara nyingi inabaki. Ukiacha kumeza, seli chache zilizobaki huanza tena. Na kila zinapogawanyika kuna nafasi ya kosa jipya: kishimo cha kinasi hubadilika umbo, na kidonge hakiingii tena. Hapo mgonjwa atahitaji dawa nyingine zilizo ngumu kupatikana. Kwa hiyo:

– kidonge humezwa kila siku, pamoja na chakula na bilauri kubwa ya maji;
– msafiri na mvuvi abebe vidonge vyake katika kopo lisiloingia maji;
– asiache wala kupunguza bila kuambiwa na daktari, hata akijisikia mzima;
– mwanamke aliye katika dawa hii asishike mimba bila kwanza kuongea na daktari;
– anayetumia dawa za kifua kikuu, hasa rifampisini, amwambie daktari, kwa sababu hupunguza nguvu ya imatinibu;
– dawa za mitishamba zisichanganywe nayo kimyakimya.

Baba huyo alianza upya, na hesabu ya damu yake ilichukua muda mrefu kushuka. Siku hizi mke wake ndiye anayehesabu vidonge kabla mtumbwi haujatoka. Anasema, "Baba watoto, honi kwanza izimwe, ndipo uende."

9. MAMBO MAWILI YA KUSAHIHISHA

Kwanza, asije mtu akasema, "Gazeti limeandika kwamba pombe inatibu saratani." La! Hamira ndiyo iliyotufundisha. Kileo chenyewe huongeza hatari ya saratani ya koo, ya ini na ya matiti.

Pili, elimu hii haikuishia kwenye saratani ya damu. Tangu mwaka 2015 zipo dawa za aina fulani za saratani ya matiti zinazoziba kinasi za ukoo wa yule yule nahodha wa cdc2. Na virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi hufanya hila kama hiyo: huvunja breki ambayo kinasi hizo huiangalia, seli zikagawanyika ovyo. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu, lakini ina kinga. Chanjo ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wazazi, wapelekeni mabinti.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Saratani ni seli zilizopoteza utaratibu wa kugawanyika. Si uchawi, wala si ya kuambukizwa kwa kukaa pamoja.
2. Bandama isiyopungua baada ya tiba ya malaria na kichocho inataka kipimo cha damu.
3. Kujisikia mzima si sababu ya kuacha vidonge.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Katika familia yetu, yuko mtu mwenye uvimbe wa tumbo ambao tumeuzoea? Alipimwa damu lini?
2. Anayemeza dawa ya kila siku, nani kati yetu anamkumbusha anaposafiri au anapokwenda ziwani?
3. Binti yetu wa miaka 9 hadi 14, je, amepata chanjo?